Matope ya Kamituga

Shangazi Eulalie, tunayemwita Tantine, alikuja kuniomba lori siku ya Jumapili, kitambaa cha kanisani kikiwa bado kichwani. Hakuketi. Alisimama mbele ya meza yangu, akayaangalia magari madogo niliyoyapanga kwenye rafu, kisha akasema kana kwamba anaongea nayo.

"Jo, unaweza kunifanyia kamyo ya Venant?"

Venant ni mume wake. Alikuwa dereva wa jeshi. Miaka minane iliyopita aliondoka Bukavu na lori la askari kuelekea Kamituga, na tangu asubuhi ile hakuna aliyemwona tena, wala yeye wala lori. Hakuna aliyekuja kusema amekufa. Kwa hiyo Tantine hakulia. Kwetu kilio huanza mtu akileta neno, na hakuna aliyekuwa na neno la kuleta. Akaendelea kupanga nyumba ileile ya mtaa wa Kadutu, chumba na sebule, mvua ikiingia kwenye kona, kwa sababu Venant asingejua mlango mwingine.

Mwaka huu alichoka. Sina namna nyingine ya kulisema. Mwanawe, Donatien, anayefanya kazi ofisini kule Uvira, alimwambia kwa mara nyingine: Mama, tuombe misa, tulie, halafu uje ukae na sisi. Safari hii alijibu tu, "Bon. Tufanye." Misa ikapangwa Jumamosi. Baada ya misa watu wangekuja kukaa kilio nyumbani, kisha Donatien angemchukua mama yake.

Kwenye meza ya kilio huwekwa picha. Picha ya Venant ilikuwa moja, ya kitambulisho, na unyevu ulikuwa umeula uso wake kutoka jicho moja hadi kidevuni. Ndiyo maana Tantine alitaka lori.

"Alikuwa anaipenda kuliko miye," alisema, akacheka kidogo. "Uiweke mbele ya kambi, vile ilikuwa ile asubui inaondoka. Na yeye ndani, mukono inje."

"Nitajaribu, Tantine."

"Usijaribu. Fanya."

Kazi yangu ni maketi, vielelezo vidogo vya vitu vya kweli. Nilisomea usanifu wa majengo, na chuoni tulifundishwa kutengeneza nyumba ndogo za karatasi ngumu, nyeupe, zenye miti ya sponji. Nilipomaliza sikupata nyumba za kuchora, lakini mikono ilikuwa imeshazoea. Nikaanza kutengeneza malori ya jeshi, maana ndicho kitu nilichokiona kwa karibu tangu utoto: lori likipanda kilima polepole, limebeba magodoro na masufuria, kuku wamefungwa miguu, na wake za askari wamekaa juu ya vyote. Kuna watu wa mbali ninaoandikiana nao kwenye simu, wanaume wa Ubelgiji na Japani ambao vyumba vyao vimejaa vifaru vidogo vya kivita. Walipoona magodoro yangu waliniuliza kama ninafanya mzaha. Lakini ni wao walionifundisha jambo kubwa. Kitu kidogo kikiwa safi kinabaki kuwa cha kuchezea. Gari la kweli limechoka. Kijani chake kinapauka paani, kinachubuka pale mkono wa dereva unaposhika mlango, na kutu inateremka kutoka kwenye kila msumari. Ukitaka jicho liamini, lichoshe gari.

Basi nikalichosha lori la Venant. Mwili nilikata kwenye makopo ya sardini, matairi kwenye nyayo za kandambili zilizokufa. Turubai lilikuwa kipande cha shati kilicholowekwa kwenye gundi. Nilipaka kijani, nikakififisha, nikachovya sponji katika rangi ya kahawia na kugusagusa kwenye kona. Vumbi nilisaga kutoka kwenye chaki. Nilitengeneza lango la kambi na mti wake wa kuzuia magari, na mama mmoja aliyesimama kando na kikombe mkononi, kama wake za askari wasimamavyo asubuhi. Venant mwenyewe, mrefu kama kidole gumba, alinisumbua. Nilimfanya nikamvunja, nikamfanya tena. Uso ulinishinda kabisa. Mwishowe nilimvika kofia nikaishusha hadi puani, nikampa mkono uliolala kwenye dirisha.

Yakabaki matope.

Kaka yangu Dany hupeleka mizigo Kamituga kwa pikipiki. Siku aliyorudi hakuwa na sehemu isiyo na matope, hata masikioni. Nilichukua kisu na mfuko wa plastiki, nikachuchumaa kwenye gurudumu lake.

"Batu banaombaka zahabu ya Kamituga," alisema, "weye unaomba potopoto."

"Niache nikwangue tu."

"Na banakuita Joviale, muntu ya furaha! Muntu hachekake hata bure."

Nilikwangua. Nilikausha juani, nikachekecha kwa soksi ya nailoni, nikachanganya na gundi na maji. Matope yale yana rangi yake, njano yenye wekundu ndani, kama mawese yaliyoganda. Niliyapaka kwenye matairi na chini ya milango, nikayarusha kwa mswaki hadi kwenye kioo. Kisha nikaegemea nyuma. Lori lilikuwa na uzito. Karibu ungelisikia injini. Mgongo uliniuma, macho yalinichoma, na nilijisifu, mimi nisiyejisifu.

Alhamisi mchana nililipeleka Kadutu, nimelifunika kwa kitenge. Donatien alikuwa amefika. Njia ya Uvira ilikuwa imemla, alikaa kwenye kiti na viatu vyake vyote, simu mkononi, macho ameyafumba. Tantine alikuwa akichambua maharage ya Jumamosi. Niliweka maketi mezani, nikatoa kitenge, nikarudi nyuma hadi ukutani kama kawaida yangu.

Mwanzoni alitabasamu.

"Dona, angalia. Ni mukono yake. Ule mukono ya uvivu!"

Donatien alifumbua macho, akainuka, akaangalia. "Ni yake," alisema polepole.

Tantine aliinama zaidi. Aliangalia kioo, mlango, halafu matairi. Alipitisha kidole chini ya mlango, akakwangua kidogo kwa ukucha, akaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Hii potopoto iko ya kule," alisema.

"Ya wapi, Mama?"

"Ya kupita Mwenga. Ile barabara niliitembea na miguu yangu, niko nauliza batu. Kitenge yangu ilibakia na hii rangi, sabuni ilishindwa. Huku Bukavu hakuna hii." Akanigeukia. "Kamyo inatoka kule. Ilirudi."

"Tantine..."

"Nani aliiona? Dany?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilitakiwa kutengeneza lori linaloondoka, nami nikalipaka matope ya safari ambayo lilikuwa halijaianza. Kwa wanaume wa Ubelgiji yangekuwa matope tu. Kwa mtu anayeijua barabara, lori lile lilikuwa limekwenda Kamituga na kurudi, likasimama mbele ya kambi yetu, dereva akiwa ndani.

"Dany anafikaka kule kila mara," Tantine aliendelea, sauti ikipanda. "Ameona kitu. Amekuambia weye. Na weye, vile uko, umeogopa kusema na kinywa, umesema na hii."

"Hapana, Tantine. Dany hajaona kitu."

"Apa."

"Naapa."

"Unaapa ju unanihurumia! Nakujua. Mbwa akikufa, unaambia batoto ameenda kutembea."

Nilishawahi kuwaambia hivyo watoto wa jirani, naye alikuwepo.

"Dona, pigia padiri. Samedi hakuna misa."

"Mama."

"Piga! Na Uvira siendi. Muntu arudi, akute mulango imefungwa?"

Donatien hakupiga. Alinishika kiwiko, akanitoa hadi uani, karibu na kamba ya nguo. Nilidhani atanikasirikia, na ingekuwa haki yake. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Umwambie kitu, Jo."

"Nimwambie nini? Haniamini."

"Sijue. Miye nimechoka. Niko mutoto ya muntu hajakufa na hayuko. Batu bakiniuliza baba yako iko wapi, ninasema anasafiri. Mpaka lini anasafiri?"

Nilirudi ndani peke yangu. Tantine alikuwa ameketi karibu na lori, na uso wake ulikuwa umebadilika. Macho yalikuwa yameamka. Alionekana kijana. Alikuwa ameinamisha kichwa sawasawa na dirisha dogo, kana kwamba anangoja kofia iinuliwe. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Kunyamaza ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote. Angefurahi siku hiyo na kesho yake, kisha angerudi kukaa mlangoni, mvua ikiingia kwenye kona, na hakuna ambaye angethubutu tena kumwambia tulie.

"Tantine, naomba beseni ya maji."

Alinitazama bila kuelewa, lakini aliniletea. Nililing'oa lori kwenye kipande cha barabara lilipokuwa limegandishwa, nikaliweka ndani ya beseni, sakafuni, nikapiga magoti. Mswaki nilikuwa nao mkobani.

"Angalia," nilisema. "Hii ilikuwa kwa pikipiki ya Dany. Nimeikwangua miye mwenyewe, na kisu. Hakuna muntu ameniambia kitu. Nilipaka ju nilitaka ionekane ya kweli."

Nilisugua. Maji yakawa rangi ya mawese. Tantine alichuchumaa mbele yangu, akainama mpaka vichwa vyetu vikakaribia kugongana. Alikuwa akitafuta kitu, kama vile chini ya matope kungekuwa na habari nyingine.

"Na chini yake?" aliuliza.

"Chini yake ni rangi tu."

"Na chini ya rangi?"

"Ni kopo, Tantine. Kopo ya sardini."

Matope yalitoka kwenye tairi moja, likafuata vumbi langu la chaki. Alinyoosha mkono.

"Leta."

Nilimpa mswaki. Aliosha tairi la pili, halafu la tatu. Aliosha kama mtu aliyewahi kutazama kazi hiyo ikifanywa mara nyingi, akianzia juu, akizunguka, akirudi kwenye kioo.

"Aliiosha ile asubui," alisema bila kuniangalia. "Nilimuletea chai, anaosha. Alipanda, akashuka tena, ati kioo iko na alama. Nikamwambia, Venant, unaenda kuichafua leo leo, unaosha ya nini? Akacheka tu. Akasema, dereva anaondoka na kamyo propre, kurudi ndio habari ingine." Akasugua mlango. "Ilikuwa propre, Jo. Ilikuwa inangaa."

"Sikujua, Tantine. Nisamehe."

"Ungejuaje? Hukuuliza."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana liliniingia. Nilikuwa nimewauliza watu wa Japani kuhusu kutu. Nilikuwa nimemwomba Dany matope. Yeye, aliyesimama pale na kikombe, sikumuuliza lolote.

Alisugua mpaka kutu yangu yote ikaisha. Kwenye kona za milango hata kijani kilitoka, bati likaonekana. Alilifuta lori kwa upindo wa kitenge chake, akaliweka mezani mbele ya lango la kambi. Lilikuwa kitu cha kuchezea. Dogo, jepesi, linang'aa, ungempa mtoto alivute kwa kamba. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya beseni.

Donatien alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Ndio hii," alisema Tantine hatimaye. "Hii inaondoka."

Halafu akakaa chini, pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani. Alianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Alimwita Venant kwa jina lake la nyumbani, kwa Mashi, lugha ya kwao kule Walungu, ambayo sikuwahi kumsikia akiisema katika nyumba ile. Aliita mara nyingine, kwa nguvu. Mara ya tatu sauti ilipasuka, na Donatien aliingia, akaanguka magotini kwenye maji yaleyale, akamshika mama yake, naye akaita, "Papa."

Hakuna kilichokuwa tayari. Turubai la uani lilikuwa la Jumamosi, viti vilikuwa vya Jumamosi, makaa na mchele vilikuwa bado sokoni. Lakini sauti ile haihitaji mtu aieleze. Jirani wa nyuma aliingia akiwa na mikono yenye unga, akamwinua Tantine kutoka kwenye maji, akaketi chini pamoja naye. Wawili wengine wakafuata. Mmoja alivuta meza ukutani ili watu wapate nafasi, akaishika kwa uangalifu ili lori lisianguke. Nilichukua beseni, nikaenda kumwaga uani. Matope yalibaki kidogo chini, nikayasuuza pia.

Nilikuwa mlangoni, mikono bado imelowa, nikifikiria ni nani nimwombe viti, na jinsi ya kumwomba, wakati mama mmoja nisiyemjua alipokuwa akipanda njia na bidoni la maji mgongoni. Alisimama, akasikiliza.

"Ni nani amekufa hapa, mutoto?"

"Papa Venant. Bwana ya Mama Donatien."

"Ole! Lini?"

Ndani walikuwa wameanza kuimba.

"Leo," nilimwambia.

Alitua bidoni lake kando ya mlango, akavua kandambili, akaingia.