Umbo Bubu

Pale karakana walimwita Bi Milimita, kwa sababu alikuwa na neno kwa kila kitu kilichopinda, hata kola ya bosi. Kazi yake ilikuwa kuchora vipuri kwenye kompyuta. Kiti alichokalia kilikuwa cha Mzee, mchoraji aliyemfundisha kazi na kumwita binti. Mwezi uliopita Mzee alikufa chini ya lifti ya mizigo, baada ya mkono wa breki kukatika. Mkono huo Mzee aliuchora mwenyewe.

Asubuhi hiyo bosi alitaka mkono mpya wa breki, mrefu zaidi kwa milimita ishirini, ujaribiwe saa nane mchana. Wa kuufunga alikuwa fundi wa lifti, mdogo wake Bi Milimita, mtu asiyejua kufunga mdomo.

"Dada, usinichoree kijiko," alimtania akipita na mkoba wa spana. "Mimi ndiye nitakayesimama chini."

"Nenda zako, domokaya!"

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni umbo lenye kumbukumbu: programu inatunza kila hatua ya uchoraji, ukibadilisha namba kwenye hatua ya tatu, zinazofuata zinajipanga zenyewe. Ya pili ni kulifutia umbo kumbukumbu zake zote, kisha ukalivuta unavyotaka. Hilo la pili Mzee aliliita umbo bubu, na hakulipenda hata kidogo. "Bubu hakwambii anapoumia," alizoea kusema.

Bi Milimita alianza kwa njia ya Mzee. Faili la ule mkono uliokatika lilikuwa na hatua kumi na sita, alizijua zote. Leo zilikuwa kumi na saba. Ya mwisho iliandikwa: *Binti, kona.* Alipoibonyeza, kona kali ya ndani, palepale mkono ulipopinda na ndipo ulipokatikia, ikawa ya mviringo. Akatazama hatua hiyo iliwekwa lini. Leo, saa mbili asubuhi. Saa mbili alikuwa peke yake humu ndani, akifuta vumbi.

Akaifuta. Kupepesa macho, imerudi. Akaifuta tena, nayo ikarudi. Kiti kikatoa mlio chini yake, mlio uleule wa Mzee akiegemea nyuma kufikiri, na yeye hakuwa ameegemea.

Aliogopa, tusidanganyane. Na mwoga haulizi anaambiwa nini, anataka tu kelele zikome. Akaifuta mara ya tatu na papo hapo, kabla haijarudi, akaligeuza umbo kuwa bubu. Orodha yote ya hatua ikatoweka. Kona ilibaki kali kama zamani. Akaushika mwisho wa mkono kwa kipanya, akauvuta milimita ishirini, akatuma kwenye mashine ya kukata chuma.

"Leo hujatusumbua," bosi alisema, akicheka.

Saa nane alisikia lifti ikipanda na mzigo. Akasikia mdogo wake akipiga mluzi huko chini. Kisha chuma kikalia, kikafuata kishindo kilichotikisa madirisha, na watu wakaanza kupiga kelele na kukimbia.

Bi Milimita aliinuka. Macho yakaenda kwenye kioo cha kompyuta, kwenye lile umbo bubu lisiloweza kuwa na hatua yoyote. Lilikuwa na hatua moja, ya saa nane na dakika moja.

*Dada, kona.*