Taa za Gideoni

Theodora aliuza miche ya mikorosho na mboga pale Lisekese, na mwenye mmea unaoumwa alikimbilia kwake. Ndiyo maana mdogo wake Gideoni alimfuata kitaluni mchana mmoja, macho yakihangaika.

"Shikamoo, dada. Kuna mimea yangu inaumwa. Njoo uione, ila usimwambie mtu."

"Marahaba. Mimea gani ya kufichwa?"

Gideoni alimpeleka kwenye nyumba ya marehemu mama yao, akafungua chumba cha nyuma kilichozibwa madirisha kwa mabati. Joto likawapiga usoni. Chini ya balbu kubwa zilizoning'inia darini kulikuwa na bangi, imepandwa kwenye ndoo, imejaa ukuta kwa ukuta.

Theodora alishika fremu ya mlango. Mama yao alikata roho humo humo, akisali.

"Usinihubirie," Gideoni alisema. "Niambie tu ina nini."

Theodora aliitazama. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja kingo, ncha zimepauka zikawa nyeupe. Ya chini, yaliyopata kivuli, yalikuwa kijani kibichi. Haukuwa ugonjwa. Taa zilikuwa karibu mno. Zikipandishwa kidogo tu, bangi ingepona.

Akawafikiria polisi. Akawafikiria watoto wa Gideoni. Kisha akasema uongo.

"Ina njaa ya mwanga. Zishushe taa, ziisogelee kabisa."

Gideoni alimshukuru hadi Theodora akaona haya. Njiani alijipa moyo: bangi itaungua yenyewe, naye Gideoni ataachana na mambo hayo bila ndugu kuvunjiana heshima.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, moshi ukaonekana. Balbu ilikuwa imegusa majani yaliyokauka, moto ukapanda darini. Majirani walimtoa Gideoni akiwa amebabuka mikono yote miwili; alikuwa ameingia kuzing'oa taa zake.

Theodora alimkuta hospitalini Masasi, askari amekaa kando ya kitanda, Wema, mke wa Gideoni, akimpepea.

"Dada," Gideoni alinong'ona, "nadhani nilizishusha kupita kiasi. Nimeichoma nyumba ya mama."

Angeweza kunyamaza.

"Si wewe," alisema. "Nilikudanganya. Nilitaka bangi ife."

Wema aliacha kupepea. Gideoni akageukia ukuta.

Theodora aliendelea kumpelekea uji kila asubuhi. Gideoni aliunywa, lakini kwa mkono wa Wema tu.