Kidole cha Zimwi

Mwalimu Nyanchoka hakuwa na huruma na mtu aliyeharibu ngano za kale. Alimsimamisha Valary mbele ya Kidato cha Tatu, akaisoma insha yake kwa dharau: zimwi la meno ya chuma lilishuka shambani Boito, likala majani chai pamoja na kazi ya akina mama wote, likashiba, likalala.

"Likalala? Nimewafundisha nini mimi? Zimwi hukatwa kidole cha mwisho, na wote liliowameza wanatoka wazima! Malizia hapa hapa."

Darasa zima lilijua zimwi lile ni mashine ya kuvuna chai iliyomwachisha mamake Valary kazi, na kwamba babake mwanafunzi mwenzao Kimeli ndiye anayeiendesha. Valary alimkazia Kimeli macho. "Basi akina mama wakamshika dereva wa zimwi, wakamkata kidole."

Darasa likashangilia. Mwalimu akatabasamu, akaandika kumi na nane juu ya ishirini.

Kimeli akasimama. "Mwalimu, hiyo mashine ilimkata babangu siku ya Jumanne. Vidole vitatu. Hakuna mama hata mmoja aliyetoka."

"Kaa chini," akasema Mwalimu. "Zamu yako ya kusoma ni kesho."