Taa za Mchana

Krrraaa. Mlio mrefu, kama sufuria tupu inakwanguliwa kwa kijiko cha chuma. Ukafuata mporomoko wa matofali, halafu sauti ya Shabani muuza vitenge ikimwomba Mungu ampe subira. Nikatoa kichwa chini ya meza yangu ya kutengenezea redio, nikatoka nje kuangalia.

Karavani ya Mama Mkubwa Zainabu ilikuwa imeingia kinyumenyume kwenye ukuta wa Shabani.

Karavani yenyewe ni nyumba nyeupe ya bati yenye magurudumu, iliyoachwa na wapimaji waliokuwa Msimbati. Mama Mkubwa aliinunua, akaiwekea jiko, akapewa nafasi ya kuuzia chakula pale Chikongola, kwenye upenyo kati ya duka la Shabani na banda la kinyozi. Kazi ilikuwa kuiingiza. Dereva ni mumewe, Baba Mkubwa Jafari, ambaye zamani alianguka kutoka kwenye mkorosho na shingo yake haijageuka tena. Akitaka kuona nyuma hugeuka mwili mzima, na ndani ya pikapu inayovuta karavani mwili mzima haugeuki.

Shabani alikusanya matofali yake, kisha akasema kwa upole wa kutisha, "Bi Zainabu, Ijumaa nakupa nafasi ya mwisho. Kidude hiki kikinigusa tena, hata rangi tu, nafasi hii wanapewa wengine. Nitaisemea mwenyewe, na unajua viongozi wa soko watanisikia."

Mama Mkubwa hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Masufuria alishanunua, na wateja alishawaalika. Alinigeukia mimi, akanitazama.

Alikuwa na haki ya kunitazama. Mwaka ule, 2009, Mtwara haikuwa na fundi kama mimi, Nassoro. Umeme nilijifundisha mwenyewe. Ushairi nilijifundisha mwenyewe. Waliosomeshwa vyote viwili nilikuwa nawapita barabarani bila kuwasalimia. Na nilikuwa na kamera ya Kichina ya kurudia nyuma, pamoja na kioo chake cha ukubwa wa kiganja, niliyoitoa kwenye gari bovu. Nikaifunga kamera juu ya dirisha la nyuma la karavani, kioo nikakiweka mbele kwa dereva. Kilichobaki ni kuipa moto, yaani umeme.

Waya wa taa ya rivasi ulikuwa umeliwa na chumvi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikachukua moto kwenye taa za breki. Picha ikaja safi, lakini Baba Mkubwa akiinua mguu ili gari lirudi, picha inazimika. Yaani anaona vizuri akiwa amesimama tu. Nikahamia taa ndogo za nyuma. Hapo kamera ikawaka na kutulia. Nikafunga waya wa ethi kwenye chasisi, nikaweka fyuzi, nikajipongeza kwa ubeti mmoja. Swichi ya pikapu ile ilikuwa mbovu, ukiwasha taa ndogo na zile kubwa zinawaka, lakini hilo halikuwa jambo la kamera, kwa hiyo halikunihusu.

Ijumaa asubuhi tukaondoka mtaa wa Rahaleo, Baba Mkubwa kwenye usukani, mimi pembeni yake. Nilimwambia awashe kamera tukifika. Akakataa. Mtu ambaye hajaona nyuma yake tangu ujana, leo anaona mbuzi, anaona watoto, anaona mpaka nyumba aliyoipita. Aliendesha polepole ili afaidi. Jua linawaka, na sisi tumewasha taa zote, tunavuta kitu kirefu cheupe kwa mwendo wa kobe.

Kwenye kioo ikatokea baiskeli. Zikaja baiskeli nyingine, pikipiki, bajaji, wanaume kwa miguu. Hakuna aliyetaka kutupita.

"Watu wanatupenda," alisema Baba Mkubwa.

Bajaji moja ikasogea ubavuni. Dereva wake, kijana nisiyemjua, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani, kaka?"

Nikajua ameiona kamera, anamuulizia fundi. "Nassoro," nikamjibu kifua mbele. "Nassoro fundi umeme, yule mshairi."

"Lo. Imekuwaje?"

"Umeme wa taa za nyuma."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, jambo lililonishangaza, akarudi nyuma kuwaambia wenzake.

Tulipofika Chikongola, Shabani alikuwa amefunga duka. Kinyozi amezima redio. Umati ukajipanga pande mbili kwa adabu, na Mama Mkubwa peke yake alisimama mbele ya upenyo, mikono kiunoni, akijiuliza wateja hawa wote wamefiwa na nani. Baba Mkubwa akaanza kurudi nyuma. Mimi nikashika kioo, namwelekeza: kulia kidogo, nyoosha, njoo. Ukuta wa Shabani ulikuwa unapita vizuri kabisa.

Nje ya dirisha langu alisimama Mzee Orlando, mshona viatu, aliyekuja zamani kutoka ng'ambo ya Ruvuma na ambaye ananiita mjukuu anapotaka kunichokoza. Alikuwa anamweleza jirani yake kwamba marehemu Nassoro alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, umeme umetuonea.

Kumbe taa zetu za mchana wamezidhani za msiba, na maiti ni mimi. Lakini nilikuwa kazini. Njoo, Baba Mkubwa, njoo.

"Ila mashairi yake," aliendelea Mzee Orlando, "Mungu amsamehe, mizani ilikuwa inapelea. Si alisema, 'Umeme nimeufunza, wanijua kwa jina'? Kipande cha pili hesabu. Saba."

Nikahesabu kwa vidole. Wa, ni, ju, a... Nikarudia. Saba.

"Unanijua kwa jina!" nilipiga kelele, nikafungua mlango na kuruka. Mguu ukanasa kwenye waya wa kamera, nao ukanifuata nje. Kioo kikawa cheusi. Baba Mkubwa akakanyaga breki, na karavani ikasimama nusu ndani, nusu nje, kiganja hakipiti kati yake na ukuta.

Walionifahamu walikimbia. Wasionifahamu walikimbia kwa sababu wengine wanakimbia. Mzee Orlando hakukimbia, alinibonyeza shavu, akasema, "Nane. Sasa imekaa."

Mama Mkubwa hakutaka kusikia habari ya mizani. Alimwamuru Baba Mkubwa afungue karavani kutoka kwenye pikapu, kisha akawapazia sauti waliokuwa wanachungulia kwenye kona. "Mlikuja kubeba, njooni mbebe. Mbona mnarudi mikono mitupu?"

Wakarudi kwa aibu, wakajipanga kuizunguka, wakaisukuma taratibu, kila mmoja akipokezana na mwenzake kama wanavyobeba jeneza. Mmoja akaanza kuleta dhikri kwa mazoea, akakanyagwa mguu. Karavani ikaingia yote. Shabani akapitisha kiganja ukutani mpaka mwisho, akakitazama, hakuona hata rangi. Akaenda kufungua duka lake.

Muda si mrefu waombolezaji wangu wote walikuwa wanakula mihogo na samaki kwa Mama Mkubwa. Mimi hakunipa sahani.

"Ungenipotezea nafasi yangu kwa silabi moja, Nassoro," alisema.

Nilitaka kumweleza kwamba silabi si kitu kidogo. Nikamwangalia usoni, nikaacha.

"Mama Mkubwa, nakuahidi mbele ya watu hawa," nikasema. "Siku nyingine wakinisema, nitamaliza kwanza kuliingiza gari. Ndipo nishuke nigombane nao."