Mstari wa Pembeni

Ti! Pini ilianguka kwenye sahani ya bati, Bibi akashtuka. Nje kulikuwa bado giza, na umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Mjukuu wake alikaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti ya Bibi. Sare ya ukadeti ilining'inia mlangoni, imeshapigwa pasi.

"Leo nyoosha tu mistari, Bibi. Kovu likionekana, lionekane."

"Una hakika, mama?"

"Nimeshatolewa mstarini mara mbili. Ya tatu narudisha sare."

Sheria ya makadeti wasichana ilikuwa fupi: nywele zisukwe mistari minane, yote imenyooka kutoka usoni hadi kisogoni. Lakini juu ya sikio la kushoto la mtoto palikuwa na kovu la ukubwa wa kizibo cha soda, hapaoti unywele. Uji wa moto ulimmwagikia angali mchanga, Bibi akiwa amempa mgongo kidogo tu. Tangu hapo, kila aliposuka, Bibi aliupindisha mstari wa pembeni ukalifunika. Sajini aliyewakagua hakuwahi kuambiwa sababu. Mtoto aliona haya.

Bibi alisuka kwa kupapasa. Alipomaliza alimbusu utosini, wakatoka.

Uwanjani, wazazi walisimama nyuma ya mstari wa chokaa. Sajini alikuwa mwanamke mrefu, makadeti walimwita Rula, na rula yenyewe ya chuma hakuiacha nyumbani. Alipita akipima mmoja mmoja. Kwa mjukuu akasimama.

"Vua kofia."

Jua lilikuwa limechomoza. Bibi alitazama. Mstari wa kushoto ulikuwa umepinda kama mundu. Gizani vidole vyake vilikuwa vimekwenda njia viliyoizoea kwa miaka kumi na mitatu.

"Mara ya tatu hii," Sajini alisema. "Unanichezea?"

"Hapana, afande."

"Basi kavue sare."

Msichana akafungua kifungo cha kwanza. Hakumtaja mtu. Ndipo Bibi akavuka chokaa.

"Mama, rudi nyuma!" Sajini alifoka.

"Nitarudi, mwanangu, nikishasema. Kosa ni la vidole hivi. Mwenyewe aliniambia ninyooshe." Akaufumua ule mstari, kovu likatokea. "Mimi ndiye niliyezoea kulificha."

Kwenye safu ya wavulana mmoja akaguna, "Kumbe kuna kiwanja cha ndege!" Wenzake wakacheka.

Sajini alilitazama kovu, kisha saa yake.

"Dakika tano. Hapa hapa."

Bibi akaanza. Unywele ulimponyoka, akaanza upya. Akangoja kuhesabiwa dakika, lakini Sajini hakuhesabu. Alisogea hatua mbili, akasimama kati ya msichana na wavulana, akawaziba kwa mwili wake mrefu wasimwone.

"Macho mbele!" aliwafokea. "Anayetaka kucheka nitamtafutia kazi ya kuchekesha." Kisha, kwa sauti ya chini, akanyoosha kiganja. "Lete hizo pini nikushikie, mama."

Mstari ulipofika kisogoni, rula ilishuka kando yake.

"Umenyooka. Funga kifungo, vaa kofia, rudi mstarini."

Msichana aliondoka kifua mbele, kovu likiwaka juani chini ya ukingo wa kofia. Sajini akamrudishia Bibi pini zake, moja baada ya moja.

"Hawa wengine wanasukana wenyewe bwenini, mistari kama kuku kapita," alisema. "Jumamosi njoo tena, mama. Tafadhali."