Hatua Mia Sita

Asubuhi ile banda la ndege lilijaa mwanga mweupe kama maziwa, na ndege mbili zilizoletwa kujaribiwa zilionekana kana kwamba zinaelea juu ya sakafu. Moja ilikuwa nyeupe, ya injini mbili, yenye kasi. Nyingine ilikuwa na injini moja, mabawa juu, matairi manene kama ya trekta. Rubani alitakiwa kuchagua moja kabla ya adhuhuri.

Moyo wake ulikwisha kuangukia ile nyeupe. Hata kwa kasi yake, ni saa tatu na nusu juu ya maji matupu, kwenda kuchukua wagonjwa wa kisiwa cha mwisho, mtu hutamani injini ya pili ya kumliwaza.

“Kutua inataka mita mia tano na hamsini,” fundi alimkumbusha. “Kule zipo?”

Rubani alifungua daftari la marehemu kaka yake. Kaka hakuamini ramani. Kila kiwanja cha nyasi alikipima kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa mirefu hata wakamwita Twiga. Hatua yake moja, mita moja kamili. Kisiwa cha mwisho, aliandika, hatua mia sita.

“Zipo, na chenji inabaki.”

“Haya, bibie. Hebu tuzione basi hizo hatua.”

Alitoka nje akaanza kutembea kwenye lami, akijinyoosha kumuiga Twiga.

“Unatembea kama umeazima suruali,” fundi alisema.

Alicheka, na miguu ikarudia mwendo wake mfupi. Moja, mbili, tatu. Alipofika arobaini, harufu ya nyasi zilizopigwa na jua ilimjia, ingawa pale hapakuwa na jani. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kama siku ile kule kisiwa cha mwisho, na kutoka chini ya bawa kaka yake akamwambia, “Usiniibie hatua, Kifupi. Nakusikia.”

Siku ile Twiga alikaa kivulini, daftari gotini. Leo zamu yako, alisema, mimi nimeamkia uvivu. Walipokuwa wakirudi alimtania njia nzima. Miezi miwili baadaye walimzika.

Rubani alisimama.

“Fundi, hatua za kule si zake. Nilipima mimi.”

Fundi aliitazama miguu ya rubani, kisha akatazama mbali. “Hatua yako ni sentimita sabini. Basi ni mita mia nne na ishirini, tena tukikupendelea.”

Ile nyeupe ingemaliza nyasi na kuingia baharini na rubani wake.

Alirudi ndani, akaweka kiganja kwenye tairi nene.

“Hii inatua kwa ngapi?”

“Mia tatu. Tukiifungia tangi la ziada, utafika na kurudi. Ila ni saa tano kwenda.”

“Saa tano,” alisema, na hazikuonekana nyingi kwake.

Alichukua penseli. Pembeni mwa mwandiko wa kaka yake aliandika: za Kifupi. Kisha akapanda, akavuta kiti mbele mpaka miguu ikafikia pedali.