Kuhema na Kutweta

Mjukuu wangu Rania anaishi Riyadh na baba yake, mwanangu Hamad, na Kiswahili chake kinanitia aibu. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya alasiri humpigia simu ya video kutoka hapa Jeddah nikamsomesha. Naketi sebuleni, chetezo pembeni, udi unafuka. Wazee wangu walitoka Unguja na nguo za mwilini tu, lakini udi hawakuuacha, na mimi Mashavu sijapata kuipitisha Ijumaa bila ya kuifukiza nyumba.

Ijumaa ile mtoto alitaka kujua tofauti ya kuhema na kutweta.

"Kupumua tunapumua sote, hata usingizini," nikamwambia. "Ukipanda ngazi, kifua kikawa juu chini, hapo unahema. Ukikimbizwa na mbwa, ukasimama mdomo wazi, hata jina lako huwezi kulitaja, hapo unatweta."

"Sijafahamu, Bibi. Nioneshe."

Kwa magoti yapi? Nikamwita Jael, binti wa Kenya anayenitunza. Hamad ndiye kafili wake, aliyemdhamini kuja kufanya kazi huku.

"Mwanangu, hebu rukaruka hapa, mtoto aone mtu anavyohema."

Jael akacheka, akaruka mbele ya simu, akahema vizuri kabisa. "Sasa tweta!" Rania akapiga makofi. Jael akaruka tena, kwa nguvu zaidi, akatweta mpaka mtoto akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Nami nikacheka. Tulipomaliza kucheka, Jael alikuwa bado anatweta. Ameinama, ameshika ukingo wa meza, na kifua chake kinapiga mluzi.

"Halas, imetosha," nikasema.

Hakuweza kunijibu. Akaenda jikoni akiyumba, nami nikamfuata na mkongojo wangu. Nikamkuta ameingiza mkono nyuma ya debe la mchele, ametoa kichupa cha dawa ya kuvuta, amekitia mdomoni.

Hasira zikanipanda. "Una pumu! Ungenifia humu jikoni! Kwa nini hukusema?"

Alisubiri mpaka sauti irudi. "Ningesema aje, Mama? Nyumba ya kwanza, huko Riyadh, nilisema tu nina pumu, jioni nikarudishwa ofisi ya mawakala. Sahii wakinirudisha tena, ni kupandishwa ndege. Na mimi ni mzima, huwa inanishika tu kukiwa na moshi."

"Moshi gani?"

Akatazama sakafu. Moshi wangu, basi, na binti huyu alikuwa akinihurumia mimi.

Nikarudi sebuleni, nikabeba chetezo, nikakimwagia maji kwenye sinki. Niliumia, sitasema uongo. Kisha nikafungua madirisha yote, joto la Jeddah likaingia na liingie.

Kwenye simu, Rania alikuwa amemwita baba yake. "Mama, huyo binti mgonjwa?" Hamad akauliza. "Kama ni mgonjwa, tutafute mwengine."

Jael alikuwa mlangoni, kasikia.

"Muulize mwenyewe," nikasema. Nikampa Jael simu, nikamshika mkono wa pili. "Sema. Nyumba hii yangu."

"Bosi, nina pumu," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akainua uso. "Nina pumu, lakini kazi naiweza. Na Mama naye namuweza."

Nilitaka kumgombeza kwa hilo la mwisho, nikaona si wakati wake.

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumtolea mwanangu, na hayakuwa mazuri.

"Dawa yako imebaki kiasi gani?" Hamad akauliza.

Jael akakitikisa kichupa karibu na sikio. "Kidogo tu, bosi. Nilikuwa naitumia kidogo kidogo, nikiogopa itaisha."

"Basi itumie. Nawapigia duka la dawa sasa hivi wakuletee nyengine, na wiki hii Mama akupeleke kwa daktari."

Jael akanirudishia simu. Akakaa kwenye kochi, kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalia kwa sauti. Nikamwacha alie.